Maji hayajisafishi, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na minane bila kukuandikia hata mstari. Taarifa yenu ya juzi kuhusu Ghuba ya Winam, huu mkono wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ndiyo imenifikisha hapa. Eti mabomba ya majitaka yakishakarabatiwa, maji yatajisafisha yenyewe. Yatajisafisha kwa nini, kwa maombi?

Nafuga ngege kwenye vizimba upande wa Dunga, penye kina cha mita tatu, nne hivi. Mwaka juzi tulikaa siku kadhaa bila upepo, maji yakawa kama supu ya mrenda, kisha usiku mmoja dhoruba ikavuma hadi alfajiri. Nilipofika saa kumi na mbili samaki walikuwa juu wanatweta, midomo nje. Nikachomoa pondo: futi mbili za mwisho nyeusi tii, zinanuka yai viza. Saa nne nilikuwa nazika samaki. Afisa mmoja akaja kuniuliza kama nina jirani mwenye kijicho aliyenitilia sumu. Kijicho! Ni tope, Mhariri. Miaka nenda miaka rudi tumemwaga humo kinyesi, sabuni, na mbolea inayoletwa na mto Nyando. Fosforasi yake, ambayo ni chakula cha mwani, hutulia chini ikiwa imeshikwa na chembe za chuma, na huko hukaa mradi oksijeni ipo. Mwani ukifa ukaoza, oksijeni inakwisha, chuma kinaiachia fosforasi, nayo inapanda kulisha mwani mwingine, ambao nao utakufa ushuke. Hapa kwetu maji hayana kina, upepo wa usiku mmoja unakoroga tope lote, linamaliza oksijeni na samaki wanakosa pumzi. Waswidi waliacha kumwaga majitaka katika ziwa lao la Trummen mwishoni mwa miaka ya 1950, wakangoja weee. Ziwa halikupona mpaka 1970 na 1971 walipofyonza tope lenyewe, karibu mita nzima. Na hilo ni ziwa la kama kilomita moja ya mraba. Winam inapita elfu.

Halafu ile mashine ya kuvuna gugumaji. Linatolewa, linarundikwa palepale ufukweni, linaoza, mvua inarudisha ujiuji wake ziwani. Wapiga picha wenu huja siku ya kuvuna, wiki ya pili hawaonekani. Na wanaooshea matatu majini, povu linaelea mpaka karibu na meza za wala samaki, hao mtawaandika lini?

Nipe mwandishi mmoja, asiyetoka warsha ya hotelini, aje Alhamisi na chupa ya jemu yenye kifuniko. Mtumbwi na pondo nitatoa mimi. Ajaze tope nusu, maji ya ziwa nusu, aifunge, aiweke mezani pako wiki mbili. Kisha uifungue wewe mwenyewe, madirisha yakiwa yamefungwa.

Mfuga samaki,
Kisumu