Ile diski usiiguse kwanza

Ntinda, Kampala
Jumanne usiku

Ndugu yangu Ramadhani,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, ila mvua inatupiga kila alasiri na boda wa stendi yetu wamepata kisingizio cha kupandisha nauli. Simu yako ya jana ilikatika ulipofika penyewe, na kila nikikupigia hupatikani. Nimeona heri nikuandikie, maana maneno ya mwisho niliyoyasikia yameninyima usingizi: "ile diski haina mwenyewe, naiondoa."

Ngoja.

Nami niliwahi kusema hivyo hivyo. Ni kule nilikokuwa kabla ya kazi hii, nikiwa na miezi miwili tu pale. Tulikuwa na kabati moja la diski, yaani mashine inayohifadhi diski na kuzigawia seva, na seva nne, mbili kati yake zimewekwa kundi moja ili mmoja akianguka mwenzake ashike kazi. Bosi akaniambia kuna diski ya gigabaiti 500 imebaki tangu siku za majaribio, inaitwa TEST2, niitoe tupate nafasi.

Nikafungua programu ya kabati, nikaenda ukurasa unaoonyesha seva ipi imegawiwa diski ipi. Wako sidhani kama una tofauti kubwa. Kushoto kuna mti: juu kabati, chini yake makundi, chini ya makundi seva, na kila seva na milango yake. Ukibofya seva, kulia linatokea jedwali: jina la diski, inafikiwa na nani, namba ya LUN (ile ambayo seva huitambulia diski iliyogawiwa), ukubwa. Nikabofya seva moja, nikaiona TEST2, LUN 3. Nikaingia kwenye seva yenyewe kuitafuta, nikakuta haijafunguliwa popote. Nikajisemea, basi, haina mtu. Nikaondoa.

Ile safu ya pili sikuisoma. Ilikuwa imeandikwa jina la kundi, wala si la seva. Diski ikigawiwa kundi, kila seva ya kundi hilo inaiona, na mimi nilikuwa nimechungulia ile ya akiba, iliyokaa inasubiri zamu. Mwenzake ndiye aliyekuwa akiandika humo, tena hesabu za mishahara, tarehe 27 ya mwezi! Jina TEST2 lilibaki tu kwa sababu hakuna aliyejisumbua kulibadilisha majaribio yalipogeuka kazi. Kuandika kukashindikana, mfumo wa faili ukajifunga ukawa wa kusoma tu, na simu ya mezani ikaanza kulia kabla sijanyanyuka kitini.

Kilichoniokoa ni kwamba amri zilikuwa mbili, moja ya kuondoa mgao na nyingine ya kufuta diski, na niligusa ya kwanza. Kuondoa mgao ni kumfungia mtu njia tu; mali yake bado imo kabatini. Tuliirudisha kwa kundi lile lile, kwa LUN 3 ile ile, tukasimamisha huduma, tukaendesha fsck, ile amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, na saa tano usiku ikafunguka. Ningegusa ya pili, leo ungenikuta Wandegeya nauza rolex, zile chapati za mayai. Na sijui kukunja chapati vizuri.

Kwa hiyo swali langu ni hili: ulipoona "haina mwenyewe", ulikuwa umesimama wapi? Kwenye seva au kwenye kundi? Anza juu kabisa ya mti, bofya jina la kabati lenyewe, upate migao yote kwa pamoja, halafu ndipo ushuke.

Jambo lingine linalopoteza watu ni hiyo namba ya LUN. Wewe mwenyewe uliniambia "LUN 1" kama vile iko moja tu. Fikiria zile lodge za Busia: kila lodge ina chumba namba 1, na ukimwambia mwenye boda akupeleke chumba namba 1, atakuuliza cha wapi. LUN 1 ya seva hii ni diski moja, na LUN 1 ya seva ile inaweza kuwa nyingine kabisa. Majina kama sdb na sdc, ambayo Linux huzipa diski, ndiyo usiyaamini kamwe. Seva ikizimika na kuwaka yanaweza kubadilishana.

Kinachoaminika ni ule utambulisho mrefu wa diski. Kwenye programu, fungua sifa za diski, utaona tarakimu na herufi 32. Kwenye Linux andika amri ya multipath -ll, utaona mfuatano kama huo unaoanza na 36. Usishtuke ukikuta herufi 33: ile 3 ya mbele Linux imeiongeza yenyewe kuonyesha aina ya utambulisho. Iruke, linganisha zilizobaki moja moja. Mimi huwa namsomea mwenzangu kwa sauti, naye anafuata kwa kidole kwenye kioo. Hapa mmoja wetu ametoka Busia, mwingine Gulu, kwa hiyo tunasomeana kwa Kiswahili, "nane, sifuri, sifuri, be", kama wacheza bahati nasibu.

Fanya hivyo hivyo kwa milango ya seva. Kama mmeunganisha kwa faiba chaneli, ule mtandao maalumu wa seva na kabati, kila mlango una utambulisho wa tarakimu na herufi 16, nao umo kwenye kadi ya kuunganishia, haumo kwenye seva. Kadi ikifa ukaweka mpya, programu itaendelea kuonyesha mgao mzuri kabisa wa mlango uliokwisha kuzikwa, na seva haioni kitu. Huenda hiyo ndiyo "diski isiyo na mwenyewe" uliyoikuta. Uliza kama kuna kadi iliyobadilishwa.

Chungulia pia lile kundi la chaguo-msingi, ambamo huangukia seva yoyote ambayo hakuna aliyeisajili. Diski ikigawiwa humo, kila aliyemo anaiona. Seva mbili zikiandika kwenye mfumo mmoja wa faili wa ext4 bila kujuana, zitauharibu. Na hata zisipoandika, kwa sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda data binafsi, sipendi kumweleza mtu kwa nini seva ya tovuti inaona faili za wagonjwa.

Ukikuta kidiski cha megabaiti 20 hivi, LUN 7 au 31 kutegemea kabati, kiache. Hiyo ni njia ya programu yenyewe kuongea na kabati.

Nipigie Jumamosi baada ya saa mbili usiku, ukiwa mbele ya kioo, na multipath -ll umeichapisha kwenye karatasi. Tutasomeana. Mpaka hapo ile diski iache ilivyo, hata bosi wako akikukasirikia. Mwambie umeambiwa na mtu aliyeungua.

Msalimie mama, mwambie ule mzigo wa angara, wale samaki wakavu, alionitumia mara ile uliisha siku tatu. Kama kuna anayepanda basi la Arua wiki hii, mimi nipo.

Ni mimi ndugu yako,
Hassani