Ua la Tiehm si la kuhamishwa kama chungu cha maua

Mhariri,

Kila mjadala wa mgodi wa lithiamu, madini ya kutengenezea betri, wa Rhyolite Ridge, jimboni Nevada, Marekani, unapopamba moto, hakosekani wa kusema: "Ling'oeni hilo ua mkalipande kwingine, yaishe." Naomba nafasi nimjibu.

Ua lenyewe ni Eriogonum tiehmii, nalo linaota palepale Rhyolite Ridge. Mtaalamu wa mimea Arnold Tiehm alilikuta mwaka 1983, na hadi leo halijulikani kuota lenyewe popote pengine duniani. Makazi yake yote ni kama ekari 10, tena vipande vipande, kwenye miteremko ya udongo mweupe. Kwa mbali utadhani ni kichaka kilichokauka: majani ya kijivu yameshikana chini kama mto mdogo. Mwishoni mwa masika ya huko ndipo vijiti vyembamba vinapochomoza, kila kimoja na kitufe cha manjano mpauko kichwani, na nyuki, nyigu, mbawakawa na nzi wakaanza kumiminika. Bila wadudu hao mbegu hupungua sana.

Udongo huo umejaa boroni na lithiamu, na mimea mingi haiuwezi. Ua hili limeumudu, likapata pa kukaa bila kusongwa. Balaa ni kwamba madini hayohayo ndiyo mgodi unayoyafuata.

Kuotesha miche kwenye banda si kazi, na imeshafanyika. Kazi ni kupata mteremko mwingine wenye udongo ule na wadudu wale, kisha miche idumu miaka na kuzaa yenyewe. Tena hata nyumbani kwake ua hili halina salama. Mwaka 2020, wakati wa ukame, mimea zaidi ya 17,000 ilikutwa imefukuliwa au kuharibiwa, mizizi imegugunwa, ardhi imebaki vishimo vitupu. Watu walianza kunyoosheana vidole, na mimi ningekuwepo huenda ningenyoosha changu. Vipimo vya DNA vikaelekeza kwa wanyama wagugunaji, jamii ya panya na kuchakulo. Inaelekea walikuwa wanatafuta maji mizizini. Kama kiu ya wanyama wadogo iliweza hayo, mche mgeni kwenye udongo mgeni utaponea wapi?

Desemba 2022 serikali ya Marekani iliuorodhesha mmea huu kuwa hatarini kutoweka, ikatenga ekari 910, yaani zile ekari 10 za maua pamoja na ardhi inayozizunguka, kuwa makazi yake muhimu. Oktoba 2024 serikali hiyohiyo ikauidhinisha mgodi. Tunaambiwa maua yenyewe hayatang'olewa, yatawekewa uzio. Lakini shughuli za mgodi zitachukua karibu moja ya tano ya ekari hizo, na vumbi halisomi mabango. Nyuki nao hawaishi ndani ya uzio; wengi wa jangwani huchimba viota ardhini, na ardhi hiyo ya pembeni ndiyo inayotakiwa na makatapila.

Mimi si adui wa magari ya umeme, na betri hazitengenezwi kwa maneno. Ila lithiamu ipo Chile, ipo Argentina, ipo Australia. Hata katika kaunti hiyohiyo ya Esmeralda, kwenye bonde la Clayton, inavunwa kutoka maji ya chumvi tangu miaka ya 1960. Kabla ya kulitaka ua lihame, mpango wa mgodi uchorwe upya ili shimo, barabara na marundo ya kifusi yatoke ndani ya zile ekari 910.

Msomaji wenu