Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mbeya: Tukubaliane kuhusu mlima Loleza kabla ghorofa refu halijaja

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Naandika kuhusu maghorofa marefu, na niseme mapema kwamba siyapingi. Kaa kijiweni Kabwe au Mafiati uwasikilize vijana: wamechoka kuona minara ya Posta ya Dar es Salaam kwenye simu, wanataka na Mbeya iwe na jengo la kupigia picha. Mzee wa Sokomatola ukimgusia habari hiyo atakurudishia swali: sawa, litakaa wapi, na Loleza tutauona tukiwa wapi? Naona vijana wana haki yao, lakini swali la mzee ndilo lisiloweza kusubiri. Likishaulizwa baada ya zege kumwagwa, halina kazi tena.

Mji huu ulichipukia miguuni pa mlima huo enzi za dhahabu ya Lupa, miaka ya 1920. Loleza unapita mita 2,600 na hakuna mkazi asiyeutumia. Asubuhi tunautazama kama umejifunika wingu kabla hatujaanika nguo. Mgeni akipotea tunamwambia ageukie mlimani. Kwa kuwa mji unateremka kutoka kwenye mlima kuelekea kusini, jengo refu likisimama katikati halimzibi jirani wa ukuta wa pili tu, linawaziba walio bondeni pia.

Halafu kuna kivuli, ambacho picha nzuri za wachoraji huwa hazikionyeshi. Mwezi Juni jua hupita kaskazini mwetu. Jengo la mita 60, yaani kama ghorofa 20 hivi, litalaza kivuli cha mita karibu 38 upande wa kusini hata pale jua linapokuwa juu kabisa. Saa mbili asubuhi kivuli hicho kinapita mita 200 kuelekea magharibi. Dar es Salaam watu watakishukuru. Huku kwetu, Juni na Julai, mama wa mbogamboga anasogeza meza yake kulifuata jua, na wateja wake nao wamejikunyata upande huohuo. Kwa hiyo mtu akileta mchoro, kabla ya kumsifia rangi za vioo, mwombe akuonyeshe kivuli cha Juni kinaangukia soko gani, shule gani, stendi gani.

Vioo vyenyewe navyo, kwa maoni yangu, ni uvivu wa kunakili. Ukuta wa kioo mtupu uliobuniwa kwa ajili ya mji wa joto wenye viyoyozi hauna sababu ya kusimama kwenye baridi ya hapa, ambapo usiku joto lote linatoka nje. Suala la matetemeko ya Bonde la Ufa nawaachia wahandisi, ingawa wasisahau lile la Desemba 1910 upande wa Rukwa, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Habari ya ngazi za zimamoto sihitaji kuieleza kwa watu walioona soko la Mwanjelwa likiungua mwaka 2006.

London wana maghorofa marefu kuliko tutakayojenga sisi, na bado tangu miaka ya 1930 wamelinda mandhari ya kanisa la St Paul's. Kuna kilima katika bustani ya Richmond, zaidi ya kilomita 15 kutoka kanisani, ambapo kuba lake linaonekana kupitia upenyo kwenye uzio wa miti, na upenyo huo unalindwa. Hata hivyo mwaka 2016 wakashtuka: jengo la Stratford, mashariki mwa London, lenye ghorofa 42, lilichomoza nyuma ya kuba. Walilinda mbele, nyuma pakawaponyoka. Paris nako, mnara wa Montparnasse wa mita 210 ulikamilika mwaka 1973, na mwaka 1977 jiji likaweka kikomo cha mita 37 kwa majengo yake. Kikomo kilikuja mnara ukiwa umeshasimama, na upo mpaka leo.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri kazi ya kupanga miji yao. Ombi langu, basi, ni kwamba ofisi yako na Baraza la Madiwani mchague sehemu chache za wazi, ziwe Sokomatola, Mwanjelwa, Uwanja wa Sokoine au kwingine wananchi watakakopendekeza, ambazo kutoka hapo Loleza hautazibwa. Sehemu hizo ziandikwe kwenye mpango kabambe. Na kila anayeomba kibali cha ghorofa refu alete picha zilizochorwa kwa macho ya mtu anayetembea kwa miguu kutoka sehemu hizo, si ile ya kutoka angani ambako hakuna anayeishi. Picha zibandikwe kwenye ofisi za kata kwa muda wa kutosha, zikiwa na maelezo ya Kiswahili, na maoni ya watu yapokelewe kabla kibali hakijasainiwa.

Wako,
Mkazi wa Sokomatola, Mbeya