Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Kupika Pamoja

Tanga

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, watoto na mama mkwe wako. Sisi huku tu wazima. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unaposema kwamba tangu mhamie Dar es Salaam kila mtu anakula kwa saa yake, kijana wako anabeba sahani kwenda nayo chumbani, na bibi yao anashinda kutwa bila kusemeshwa. Umeniuliza kama uitishe kikao cha familia. Kwa maoni yangu kikao kitawafunga vinywa zaidi, wapikishe.

Vijana ni wazito kusema wakikaziwa macho, lakini mikono ikiwa kazini maneno huwatoka bila kuulizwa. Jumapili pikeni wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kwa kuwa chakula hicho kina kazi nyingi ambazo humchosha mtu mmoja, ila wakigawana watano huwa ni mazungumzo. Bibi apewe ungo na mchele, na mdogo kabisa akae ubavuni pake kuokota chuya na mawe. Kijana akalie mbuzi akune nazi. Binti akamue: tui la kwanza, lile zito, aliweke kando, kisha atie maji kwenye machicha apate tui la pili, ambalo ndilo litakalochemshwa na chumvi kabla ya mchele kutiwa. Tui zito huja mwishoni, wali ukikaribia kukauka, ndipo sufuria ifunikwe na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Hapo pa kupalia mwachieni bibi. Nina hakika hata msipomwachia atapagombea mwenyewe.

Ninalokazia ni kwamba kazi hizo ziwe za kweli. Mtoto anayeitwa kusaidia, kisha akapewa mwiko akoroge kitu ambacho mama ameshakikoroga, hutambua upesi kwamba anachezewa. Nazi isipokunwa hakuna wali, na kijana analijua hilo. Kwa hiyo mashine ya kusagia ifungieni kabatini siku hiyo, ingawa siku za kazi sina ugomvi nayo. Na akikuna mpaka akafikia kifuu, tui likaingia weusi, kuleni hivyo hivyo. Simu sijazitaja makusudi, maana mikono yenye tui haishiki simu.

Shemeji akidai kwamba jikoni si mahali pa mwanamume, mkumbushe pilau la harusi yenu lilipikwa na nani. Masufuria makubwa ya shughuli huku kwetu husimamiwa na wanaume, wala sijasikia mtu akiwacheka. Yeye apare samaki magamba na kuwakata.

Mara ya kwanza usitarajie mengi. Pengine mtabishana juu ya chumvi na kila mtu arudi chumbani kwake. Mabishano hayo nayo ni maneno, na mimi nayapenda kuliko kimya ulichonieleza. Rudieni Jumapili inayofuata, chakula kile kile na kazi zile zile, mpaka kila mmoja aanze kuilinda kazi yake isichukuliwe na mwingine.

Nazi zilizokomaa vizuri nitakutumia kwa basi la Ijumaa. Nijulishe kama mbuzi yenu bado ina meno. Ikiwa imekuwa butu, nitakununulia nyingine hapa sokoni niiweke katika kifurushi hicho hicho.

Wasalaam,
Somo yako