Mama mkwe anasema mwanawe ni mzima, mbovu ni mimi

Shangazi shikamoo. Adhana ya alfajiri bado na sijapata usingizi, nikichanganya mambo univumilie.

Mume wangu alianguka kwenye mchikichi akikata mikungu. Habari za hospitali na rufaa naziruka. Kuanzia kitovuni kushuka hasikii kitu, hata umwagikie uji wa moto. Mikono ni mizima, anatengeneza redio za watu barazani. Mimi namwogesha, namgeuza asipate vidonda, mpira wa mkojo nauhudumia mimi.

Sasa nikimwosha huko chini kwa kitambaa, mwili unaamka. Wenyewe tu. Yeye anazungumzia Simba na Yanga, hana habari mpaka aangalie. Lakini usiku nikimsemesha yale maneno aliyokuwa akiyapenda, hakuna.

Mama mkwe aliingia bila hodi akaona. Jioni akaniambia mbele ya wifi zangu: "Mwanangu mzima. Kitambaa kinamuweza, wewe mwanamke umeshindwa." Kitambaa, Shangazi! Na mama huyu anauza mawese Mwandiga, maneno yake yanafika Ujiji kabla ya madumu.

Mimi si mjinga, daktari alitueleza nikaelewa. Njia ni mbili. Moja inaanzia ubongoni, ya mawazo na macho na sauti, inashuka ndani ya uti wa mgongo na kutokea chini ya kifua na juu ya kiuno. Hiyo ndiyo imekatika. Nyingine iko chini kabisa, mwisho wa uti, nayo haiusubiri ubongo. Ngozi ikiguswa taarifa inaingia, inageukia hapo hapo, inarudi kuifungua mishipa ya damu. Akamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, mwenyewe hakusikia. Akasema ni vilevile. Tena zamani ubongo ulikuwa unaizuia, sasa haina wa kuizuia, kibofu kikijaa tu inaweza kuamka.

Kwa hiyo si mapenzi wala dharau. Najua. Ila mkono wangu, mkono wa nesi, kitambaa, vyote kwake ni kimoja, na hilo daktari hakunipa dawa yake.

Kuhusu mbegu za kiume, daktari alisema ni habari nyingine, zinataka mishipa mingi ishirikiane, na kwa wengi walioumia hivi hazitoki kwa njia ya kawaida, ingawa kuna kifaa cha kutetemesha kinachosaidia baadhi yao. Shemeji alikuwemo chumbani, nikashindwa kuuliza zaidi. Tunaweza kupata mtoto? Siulizi kwa ajili ya mama mkwe, asidhani.

Kinachoniua ni kwamba mume wangu alinikataza: "Usimwambie mtu kwamba sisikii." Anataka waamini bado yumo. Nikamkubalia, maana ni mume wangu na heshima yake ni yangu. Lakini mama yake akianza yale ya kitambaa pale barazani, yeye yupo na redio yake, anaongeza sauti. Neno moja tu lingetosha. Juzi alitaka tuongee, akaanza, "Mke wangu, haya mambo ya mama..." nikamwambia nyamaza, sitaki. Sikutaka kumwona akilia.

Usinione namtafuta mwanaume. Ningekuwa na tamaa ningeshaondoka. Mama yangu Kasulu alituma nauli, nikainunulia glavu na sabuni. Siondoki. Akituma nyingine sijui.

Wewe unawajua mama wakwe wa huku. Nimweleze habari za mishipa ya fahamu, nivunje ahadi? Au niendelee kuitwa mwanamke aliyeshindwa na kitambaa ili mwanawe aonekane mzima? Nilifikiria kumwomba daktari aseme yeye, lakini mume wangu atajua nimepeleka mimi, na akiacha kuniamini nani atamwogesha, mama yake?

Ukijibu, jibu kwa namna ambayo naweza kumsomea na yeye. Na usiniandikie nivumilie, hilo wifi zangu wananiambia kila siku.

Mke, Kigoma vijijini