Kupigwa si sehemu ya kazi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ukatili na vitisho wanavyofanyiwa wafanyakazi wakiwa kazini, jambo ambalo waajiri wengi hulichukulia kuwa bahati mbaya ya mtu binafsi.

Walio hatarini zaidi wanajulikana: wanaofanya kazi peke yao au usiku, wanaoshika fedha taslimu na wanaohudumia watu wenye uchungu au hasira. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Mtazame muuguzi wa zamu ya usiku aliyeachiwa wodi nzima: ndugu wa mgonjwa wamesubiri tangu jioni, daktari hajafika, hakuna aliyewaeleza kinachoendelea, na ghadhabu iliyosababishwa na uhaba wa watumishi inamwishia yeye. Kumfundisha kuzungumza kwa upole ni vyema, lakini anachohitaji hasa ni mwenzake wa zamu, kengele ya dharura na mlango wa pili wa kutokea.

Hali ya mfanyakazi wa nyumbani ni nzito zaidi, maana anayempiga ndiye anayemlipa, ndiye mwenye funguo, na mara nyingi hakuna shahidi mwingine.

Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani na washirika wake, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano amewahi kukumbwa na ukatili au unyanyasaji kazini, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Wengi waliona kusema ni kupoteza muda, au walihofia kuharibiwa jina. Siwalaumu hata kidogo, kwani anayelalamika ndiye huhamishwa, naye aliyemtesa akabaki mahali pake.

Mkataba Namba 190 wa shirika hilo, ulioanza kutumika mwaka 2021, unawalinda hata wanagenzi na wanaotafuta kazi, na unataka waajiri watathmini hatari hizi kwa kuwashirikisha wafanyakazi wenyewe. Serikali ambazo bado hazijauridhia ziuridhie. Waajiri nao wasisubiri sheria: kila tishio liandikwe kama inavyoandikwa ajali ya mashine, na ratiba ya zamu ipangwe upya pale rekodi zinapoonyesha kuwa watu wanaumizwa saa zilezile, mahali palepale.

Msomaji wako