Umebadilisha injini? Mpira wa mafuta nao ubadilike

Gari nyingi zinazoingia kwenye gereji yetu hapa Tanga zimeshafanyiwa mabadiliko mahali pengine. Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya 1RZ ya kabureta sasa ina 3RZ ya noseli (inayorushiwa petroli kwa presha), inavuta vizuri, na mwenyewe haogopi tena mlima wa Lushoto. Ukiingia chini ya gari unakuta mpira wa mafuta ni ule ule wa enzi za kabureta, na klipu zake ni zile zile. Gari ya namna hiyo tunamwomba mteja asiiwashe tena kabla hatujazungumza.

Kabureta inataka mafuta yafike tu. Pampu yake husukuma kwa presha isiyofika nusu ya bar (bar ni kipimo cha presha). Noseli hufanya kazi kwa karibu bar 3, na ukifunga turbo inapanda zaidi, kwa kuwa kwenye mifumo mingi presha ya mafuta huongezeka sambamba na upepo unaoingia kwenye manifoldi, yaani njia ya hewa ya injini: turbo ikisukuma bar 1, mafuta yanafika bar 4. Mpira wa kabureta ukichanika, unadondosha. Huu wa noseli ukichanika, unarusha petroli kama ukungu, na hapo pembeni kuna eksozi ya moto. Gari huteketea hivyo, na watu wamo ndani.

Kwa hiyo, kabla ya bei, soma maandishi ya ubavuni mwa mpira. Wenye alama ya kiwango SAE 30R7 ni wa kabureta na njia za presha ndogo. SAE 30R9 ndio wa noseli. Ndani yake kuna tabaka la FKM, raba inayostahimili petroli na joto kuliko raba ya kawaida. Mpira usio na maandishi hatuufungi, hata ukiwa mpya. Kile kipande cha ndani ya tanki nacho kina mpira wake, 30R10. Ukiweka 30R9 humo, ganda lake la nje linavimba, linamomonyoka, na mabaki yanaziba chujio la pampu. Gari inaanza kukatakata mafuta, na wewe unahangaika na plagi.

Mipira ya silikoni, ile ya bluu na nyekundu, inapendeza sana macho, lakini kazi yake ni maji ya rejeta na upepo wa turbo. Petroli hupenya ndani yake. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wanaoupenda vijana wa bodaboda, hukakamaa na kupasuka. Kwenye noseli usiufikirie kabisa. Bomba la shaba la mafundi friji nalo hatulitaki: mtikisiko hulifanya kuwa gumu hadi likavunjika. Kwa sehemu ndefu chini ya chesisi tunapendelea bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, maana hewa yetu ya chumvi hula bomba la chuma taratibu, hasa chini ya vishikizo ambako unyevu hukaa.

Wapo wanaokuja na mpira wa PTFE (plastiki ya aina ya Teflon) uliosukiwa nyaya za stenlesi. Ni mzuri, ila chagua ule ambao ndani ni mweusi, uliotiwa kaboni. Petroli ikipita kwa kasi kwenye mweupe mtupu huzalisha umeme tuli, na cheche zake hutoboa vitundu vidogo mno. Tena unataka viungo vyake maalumu, haukazwi kwa klipu.

Klipu zenye matundu, za kukaza kwa bisibisi, hukata ngozi ya mpira. Tunatumia zile za bendi nzima zilizokunjwa kingo. Na ncha ya bomba lazima iwe na kiwimbi cha kuzuia mpira usichomoke, maana klipu peke yake haitoshi kwa presha hii.

Tukimaliza, tunawasha pampu injini ikiwa imezimwa na kupitisha kitambaa kikavu kila kiungo. Kisha tunaizungusha gari mpaka injini ipate joto na kukagua upya, pamoja na njia ya kurudisha mafuta kwenye tanki, ambayo mafundi wengi huisahau.

Ukija kwa kazi hii, usijaze mafuta njiani. Tanki linashushwa, na likiwa na robo au pungufu kazi inaenda haraka na kwa usalama. Mwambie fundi aina ya injini uliyofunga na kama kuna turbo, ili mpira ukatwe kwa vipimo vyake.